Samaki wa Nyumbani Akiugua, Chunguza Maji Kwanza

Siku hizi mkulima wa skimu akishuka Nairobi kumtembelea mtoto wake huko Kilimani, Lavington au Kawangware, huenda akakuta sebuleni sanduku la kioo lililojaa maji, na samaki wekundu wakiogelea ndani yake. Hao si wa kuliwa. Ni samaki wa dhahabu na jamaa zao waitwao koi, ambao asili yao ni Asia, nao hufugwa kwa uzuri tu. Mzee aliyezoea ng'ombe wa maziwa anaweza kucheka. Lakini samaki hao wakianza kufa, ataulizwa yeye, maana ndiye ajuaye mifugo katika jamaa. Tena ataombwa awachukue waliosalia akawatie katika bwawa lake la ngege. Kwa hiyo yafaa ajue la kujibu.

Usiwashike samaki kwanza. Simama mbali kidogo uwatazame, kama unavyomtazama ng'ombe mgonjwa kabla ya kumfunga kamba. Je, wameugua wote siku moja, au mmoja tu amejitenga? Wakiugua wote pamoja, mara nyingi ubaya u katika maji. Akiugua mmoja baada ya mwingine, ndipo ufikiri juu ya ugonjwa.

Sasa uliza: maji yalibadilishwa lini, na yalitoka wapi? Swali hili lina maana kubwa Nairobi. Maji mengi ya mfereji hutoka bwawa la Ndakaini, nayo hutiwa klorini ili watu wasiugue. Klorini hiyo huunguza matamvua, yaani zile nyama nyekundu chini ya shavu ambazo samaki huvutia pumzi. Mfereji ukikauka, nyumba nyingi za upande wa magharibi hutumia maji ya kisima kirefu au ya lori. Basi samaki yule yule huogeshwa leo kwa maji ya namna moja na wiki ijayo kwa namna nyingine, na badiliko la ghafula humdhoofisha. Maji ya mfereji yaache katika ndoo wazi siku moja au mbili. Kila mara badilisha robo tu ya maji ya sanduku, wala si yote.

Samaki wote wakipanda juu na kufungua vinywa kama wanaokunywa hewa, wanakosa pumzi. Nairobi iko juu sana, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko maji hushika hewa pungufu karibu sehemu moja katika tano kuliko maji ya joto lile lile Mombasa. Punguza idadi ya samaki, au weka pampu ya hewa.

Lakini mwuaji mkubwa haonekani. Samaki hutoa amonia mwilini, na bakteria wema wakaao katika chujio ndio waigeuzao isidhuru. Sanduku jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hao hawajatosha, ndiyo sababu samaki wengi hufa mwezi wa kwanza. Hata sanduku la zamani huharibika mtu akiosha chujio kwa maji ya mfereji mpaka ling'ae. Mwenye nyumba hudhani amefanya usafi, kumbe amewaua walinzi wake. Lisuuze katika maji yaliyotolewa katika sanduku lenyewe. Vipimo vya matone vinauzwa. Amonia yapasa kuwa sifuri.

Maji yakiwa mema, tazama mwili. Madoa meupe kama punje za chumvi mwilini na kwenye mapezi ni kidusa. Hata hivyo dume wa samaki wa dhahabu wakati wa kuzaa hutoa vipele vyeupe kwenye mashavu, na huo si ugonjwa. Tumbo lililovimba na magamba yaliyosimama kama tunda la msonobari ni dalili mbaya, wachache hupona.

Kwa madoa meupe, chumvi ya jikoni husaidia: gramu 3 kwa kila lita, iyeyushwe kwanza, itiwe kidogo kidogo kwa siku mbili. Endelea wiki mbili hata madoa yakitoweka, kwa maana kidusa huanguka chini na kuzaana huko. Usimimine dawa ya sindano ya ng'ombe. Itawaua bakteria wema.

Asipopata nafuu, mpeleke angali hai, ndani ya mfuko wenye maji. Aliyekufa huoza upesi na hapimiki vema. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha uganga wa mifugo huko Upper Kabete, upande huo huo wa mji.

Ama kuhusu bwawa lako, kataa. Vidusa vya madoa meupe huwashambulia ngege pia. Koi nao wana virusi vyao, vilivyojulikana tangu miaka ya 1990, ambavyo huua wengi katika maji ya baridi kiasi kama yetu, na aliyepona aweza kuvibeba bila dalili. Maji ya bwawa lako yakifurika hushuka kwa jirani. Mwambie mtoto atafute mfugaji mwingine wa mjini mwenye sanduku kubwa, na waliokufa awafukie mbali na mto.