Ukali, Uchungu na Ukakasi: Kueleza kwa Kiswahili Ladha ya Bia Nyeusi Kali Yenye Viungo, kwa Mfano wa Makwale, Wilayani Kyela

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwonjaji anavyoweza kueleza kwa Kiswahili ladha ya bia nyeusi yenye kilevi kingi na iliyotiwa viungo. Hoja kuu ni kwamba neno kali, ambalo wazungumzaji hulitumia kwa pilipili, tangawizi, ndimu, jua na pombe, halikuwekwa kiholela: hisi nyingi linazozitaja hupita, kwa sehemu, katika njia moja ya mwili. Hata hivyo, sababu hiyohiyo inalifanya neno hilo lisiaminike pale mtu anapotaka kujua kiasi cha kilevi kilichomo katika kinywaji. Makala yanapendekeza utaratibu wa kuonja unaotenganisha ukali, uchungu, ukakasi na uchachu, kila kimoja kwa jina lake.

1.0 Utangulizi

Swali lililozaa makala haya liliibuka Makwale, barazani, jioni moja baada ya kazi za shamba. Mwandishi alikuwa na chupa moja ya bia nyeusi iliyotoka nje ya nchi, yenye mililita 330, iliyotiwa tangawizi, karafuu na mdalasini. Iligawanywa katika vikombe vinne. Mzee mmoja mkulima wa kakao alionja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hii ni kali." Mama mmoja anayepika pombe ya ulezi akaafiki: "Kali kweli, ila ni tangawizi hiyo, baba. Pombe yenyewe haimo." Kijana wa bodaboda hakuonja kwanza. Aliigeuza chupa, akasoma lebo, akasema, "Shikamooni wazee, lakini hapa pameandikwa asilimia tisa. Mimi naendesha usiku huu." Akakirudisha kikombe chake.

Watu watatu walikubaliana kwamba kinywaji ni kikali. Mzee alimaanisha jumla ya alichokihisi kinywani, mama alimaanisha kiungo, na kijana alimaanisha kilevi. Tukio hili halichukuliwi hapa kama data, kwa kuwa halikukusanywa kwa mbinu ya utafiti. Linachukuliwa kama swali: je, Kiswahili kina msamiati wa kuzitenganisha maana hizi, na kama kinao, kwa nini hatuutumii tunapoonja?

2.0 Makwale na Mazingira ya Uonjaji

Makwale ni kata ya Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, katika uwanda wa chini ulio kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Ni nchi ya joto na mvua nyingi. Hustawi mpunga, migomba, michikichi na kakao. Bia nyeusi yenye viungo si kinywaji cha kawaida cha eneo hili. Hata hivyo, mwonjaji wa Makwale haingii mikono mitupu katika kazi ya kuionja, kwa sababu ana maarifa mawili ya uchachushaji yanayomsaidia.

Maarifa ya kwanza ni ya pombe ya ulezi, ambayo kwa Kinyakyusa huingia katika jina la jumla la ubwalwa. Aina mojawapo, kimpumu, hunyonywa kwa mrija huku ikiongezewa maji ya moto juu ya machicha. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, alionesha kuwa kwa Wanyakyusa kula na kunywa pamoja ni sehemu ya ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzio kwa maelewano. Pombe hapa haikuwa kinywaji cha mtu mmoja aliyejitenga. Ilionjwa na kutolewa hukumu mbele ya wengine.

Maarifa ya pili ni ya kakao. Mkulima wa Kyela huvundika punje za kakao kwa siku kadhaa kabla ya kuzianika, na hatua hiyo hupunguza uchungu na ukakasi wake. Mzee wetu wa barazani alipoinusa ile bia alisema inanukia kama kakao iliyovundikwa vizuri. Waonjaji wa Ulaya husema bia nyeusi ina harufu ya chokoleti, na aghalabu hawajawahi kuiona punje mbichi. Mzee huyu aliitambua harufu hiyo kutoka mwanzo wa safari yake na wao wanaijua kutoka mwisho.

3.0 Upana wa Neno Kali

Katika matumizi ya kila siku, neno kali hubeba mzigo mkubwa. Kisu kikali hukata. Mbwa mkali huuma. Jua kali huchoma. Katika uwanja wa ladha, pilipili ni kali, tangawizi ni kali, siki ni kali, na pwani embe lisiloiva huitwa embe kali. Aidha, nchini Tanzania istilahi pombe kali imekwisha kujitenga kama jina la kundi zima la vinywaji vilivyokenekwa, kama vile konyagi na wiski. Kwa hiyo mtu akisema bia kali, msikilizaji anaweza kuelewa bia yenye kilevi kingi, bia inayowasha ulimi, au bia iliyoanza kuchacha.

Mara nyingi utata wa aina hii huelezwa kuwa ni upungufu wa lugha. Makala haya yanaona vingine. Mwaka 1997 kundi la watafiti lililoongozwa na David Julius nchini Marekani lilitambua kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ugunduzi uliochangia yeye kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kipokezi hicho huamshwa na kapsaisini ya pilipili, huamshwa na joto linalokaribia nyuzi 43 za selsiasi, na huamshwa pia na asidi kali. Jinjeroli ya tangawizi nayo hukiamsha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba ethanoli, yaani kilevi chenyewe, hushusha kiwango cha joto kinachokiamsha kutoka takribani nyuzi 42 hadi takribani nyuzi 34. Kwa kuwa joto la mwili ni nyuzi 37, kinywa kilichopakwa ethanoli huungua kwa joto lake chenyewe.

Jua, pilipili, tangawizi, siki, pombe: orodha ya maabara na orodha ya barazani zinafanana kwa kiasi kikubwa. Si kusudi la makala kudai kwamba wahenga walijua kemia. Asidi, kwa mfano, ina kipokezi chake kingine cha uchachu, na si kila matumizi ya kali yanaelezeka kwa njia hii. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: wazungumzaji waliziweka pamoja hisi hizi kwa sababu zinahisika kwa kufanana, na kufanana huko kuna msingi mwilini.

4.0 Yasiyo Ukali: Uchungu, Ukakasi na Weusi

Uchungu ni ladha halisi inayopokelewa na vionjio vya ulimi. Katika bia nyeusi hutoka mahali pawili: katika hopsi na katika kimea au shayiri iliyokaangwa hadi kukaribia kuungua. Uchungu huchelewa, hufika zaidi baada ya kumeza na hukaa. Tanzania ina mfano wake wa asili katika mbege ya Kilimanjaro, pombe ya ndizi na ulezi inayotiwa gome la msesewe. Gome hilo hufanya kazi ambayo hopsi hufanya katika bia ya kiwandani. Ulaya nayo, kabla ya hopsi kuenea, ilitia pombe yake michanganyiko ya majani na mizizi. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaja shayiri, hopsi na maji peke yake, ni miongoni mwa zilizoviondoa viungo hivyo katika bia za eneo lile. Kutia viungo katika bia, basi, si uzushi wa leo.

Ukakasi si ladha bali ni mguso. Ni ile hali ya kinywa kukauka na kukwaruza anayoijua kila aliyewahi kutafuna ndizi mbichi au bibo la korosho. Husababishwa na tanini zinazoshikana na protini za mate, na mate hupoteza utelezi. Maganda ya nafaka, gome la mdalasini na vikonyo vya karafuu vyote vina tanini. Mwonjaji asiyetenganisha ukakasi na uchungu ataisingizia bia uchungu usiokuwamo.

Weusi nao hauna ladha ya kilevi. Rangi hutokana na ukaangaji wa nafaka, ufundi uliobadilika sana baada ya Mwingereza Daniel Wheeler kupata hataza ya pipa la kukaangia kimea mwaka 1817. Guinness ya pipa yenye asilimia 4.2 ni nyeusi, ilhali ziko bia za rangi ya dhahabu za Ubelgiji zenye asilimia 8 au 9. Imani kwamba bia nyeusi lazima iwe na nguvu kuliko nyeupe haina msingi katika utengenezaji wake.

5.0 Tatizo: Ulimi Usioweza Kupima Kilevi

Sasa tunaweza kumrudia yule mama aliyesema kwamba pombe haimo. Alikosea kiasi, lakini hakukosea hisi. Tangawizi na ethanoli ziligonga mlango mmoja. Mlango ulipofunguliwa, yeye alimtambua mgeni aliyemzoea jikoni kwake na kumkosa aliyeingia nyuma yake. Karafuu iliongeza ugumu huo, kwa kuwa yujenoli yake huwasha kisha hutia ganzi, ndiyo maana mafuta ya karafuu hutumika kutuliza jino. Sukari iliyobaki bila kuchachuka ilikamilisha maficho.

Uzoefu wake wa kimpumu pia ulichangia. Pombe inayonyweka na maji ya moto huhisika kali kutokana na joto pia. Mtu aliyezoea kuhukumu pombe katika hali hiyo, akipewa bia ya nyuzi 12, hukosa dalili aliyoitegemea.

Athari yake si ya nadharia. Chupa ya mililita 500 ya bia ya kawaida yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20 za ethanoli. Ile chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 9 ina takribani gramu 23. Aliyekunywa chupa ndogo akidhani ni tangawizi tu, kisha akapanda pikipiki, amebeba kilevi kingi kuliko mwenzake aliyemaliza chupa kubwa. Kati ya watu watatu wa barazani, kijana peke yake ndiye aliyetumia kipimo sahihi, na hakutumia ulimi.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na ufafanuzi huu, mwonjaji anashauriwa kufuata hatua zifuatazo na kuandika neno moja kwa kila hatua.

Kwanza, asome lebo na kuandika asilimia ya kilevi. Hii iitwe nguvu, isiitwe ukali.

Pili, aamue joto la kinywaji. Swali la mhudumu, "Ya baridi au ya moto?", lina majibu mawili tu, na bia nyeusi yenye viungo inahitaji la tatu. Itolewe kwenye jokofu na kuachwa mezani hadi ifike nyuzi 10 hadi 13. Ikiwa baridi sana harufu hujificha; ikifikia joto la mchana wa Kyela, mvuke wa kilevi hufunika harufu nyingine.

Tatu, ainuse kabla ya kuonja, na atenge harufu za nafaka iliyokaangwa (kahawa, kakao, ukoko wa mkate) na harufu za viungo.

Nne, aonje kiasi kidogo na kuhesabu. Utamu na uchachu hutangulia. Mwasho wa tangawizi huinuka taratibu kooni. Uchungu huchelewa na kudumu nyuma ya ulimi. Ukakasi hubainika mwishoni, ulimi unapopitishwa kwenye fizi.

Tano, arudie akiwa na kikombe cha pili cha bia nyeusi isiyo na viungo. Tofauti kati ya vikombe viwili ndiyo kazi ya viungo. Bila kikombe hiki, kila kauli kuhusu viungo ni makisio.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba Kiswahili hakina uhaba wa istilahi za uonjaji. Uchungu, ukakasi, uchachu, mwasho na ganzi ni maneno ya kila siku, na kila moja linataja jambo linaloweza kutenganishwa kinywani. Neno kali nalo si kosa. Ni jina la familia moja ya hisi, na linafaa kubaki hivyo. Kinachopendekezwa ni kuliondolea mzigo mmoja tu, wa kutaja kiasi cha kilevi, na kumpa mzigo huo neno nguvu likiambatana na tarakimu. Waandishi wa kamusi, watayarishaji wa lebo na watoaji wa elimu ya afya wanaweza kuanzia hapo.

Mzee wa Makwale aliposikia maelezo haya aliuliza swali ambalo linastahili utafiti wake lenyewe: kama mashine ndiyo inayojua nguvu ya pombe, yeye ambaye pombe yake haina lebo ataijuaje? Kwa pombe ya kilabuni inayopikwa leo na kunywewa kesho, ikiendelea kuchachuka ndani ya chombo, hakuna tarakimu ya kusoma. Jibu la mama mpika pombe lilikuwa fupi: "Kwa siku zake, baba. Mimi nahesabu siku." Huenda katika hesabu hiyo ya siku ndimo kilimo kipimo ambacho ulimi hauwezi kutoa.