Usiandike barua ya kujiuzulu kabla ya kumwona daktari

Mwaka wa 2016 mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliingia chumbani mwangu hapa Masinga akiwa ameshika barua. Ilikuwa barua ya kujiuzulu, mistari mitatu tu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungoni, na mwandiko uliokuwa ukipanda na kushuka ulionyesha taabu aliyoipata kuiandika.

"Daktari, hebu nisomee uone kama nimekosea mahali," akaniambia. "Kesho naipeleka."

Alikuwa na umri wa miaka 45, na kazini alikuwa ametimiza miaka 20. Nilimwomba aiache barua hiyo mezani kwangu kwa wiki moja. Ndugu msomaji, ikiwa wewe au jamaa yako ni mtumishi wa serikali mwenye maradhi ya kudumu, sababu ya ombi langu inakuhusu.

Askari anayempiga mwenye nyumba

Mwalimu huyo alikuwa akiugua baridi yabisi. Wengi wetu hudhani kwamba haya ni maumivu ya uzee au baridi ya alfajiri iliyoingia mifupani. Sivyo. Mwili wa binadamu una kinga inayoulinda dhidi ya viini vya maradhi, mfano wa askari langoni. Katika kundi hili la maradhi, askari huyo humgeukia mwenye nyumba. Katika baridi yabisi hushambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo, hasa vya vidole, vifundo vya mikono na miguu. Katika ugonjwa uitwao lupasi huweza kushambulia ngozi, figo, damu, mapafu na hata moyo.

Maradhi haya hayaambukizi, wala hakuna aliyerogwa. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na aghalabu huanza katika umri ambao mtu ana nguvu za kufanya kazi na watoto wa kusomesha. Hayana dawa ya kuyaponya kabisa, lakini yana dawa za kuyatuliza, kama vile methotrekseti na hidroksiklorokwini. Dawa hizo hufaa zaidi zikianzwa mapema, na anayezimeza lazima achunguzwe mara kwa mara. Kwa bahati mbaya mabingwa wa maradhi haya ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi. Mgonjwa wa hapa Masinga hupoteza siku nzima safarini kupitia Matuu na Thika, na siku hiyo huandikwa kwamba hakufika kazini.

Shida nyingine ni kwamba maradhi haya hupanda na kushuka. Jumatatu mwalimu anaandika ubaoni bila taabu. Alhamisi hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake. Mkubwa wake anayemwona mzima Jumatatu huona uvivu Alhamisi. Mgonjwa mwenyewe huchoka kujieleza, na hapo ndipo barua za mistari mitatu huandikwa.

Sheria inauliza nini?

Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, inamruhusu mtumishi wa serikali kustaafu kabla ya umri wake kwa sababu za kiafya. Inataka ushahidi wa daktari juu ya mambo mawili: kwamba udhaifu wa mwili au wa akili unamzuia mtumishi kutekeleza kazi yake, na kwamba udhaifu huo unaelekea kuwa wa kudumu. Mwajiri ndiye humpeleka mtumishi mbele ya bodi ya madaktari wa serikali. Bodi ikikubali, mwajiri humstaafisha na faili hupelekwa Idara ya Pensheni katika Hazina ya Taifa.

Anayejiuzulu tu, bila kupita njia hiyo na kabla ya kufika miaka 50 ya kustaafu mapema kwa hiari, hujiweka katika hatari ya kupoteza pensheni chini ya sheria hiyo. Tazama basi kilichokuwa katika mizani siku ile.

Chini ya sheria hiyo, pensheni ya mwaka ni sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwaka, mara idadi ya miezi uliyotumika. Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa Sh40,000 kwa mwezi, yaani Sh480,000 kwa mwaka. Miaka 20 ni miezi 240, kwa hivyo pensheni kamili ni Sh240,000 kwa mwaka. Mstaafu akichagua kuchukua robo yake kwa mkupuo, robo hiyo, Sh60,000, huzidishwa mara 20, naye hupokea Sh1,200,000 mara moja. Kisha huendelea kupata Sh15,000 kila mwezi. Aliyetumika chini ya miaka 10 hapati pensheni ya kila mwezi bali kiinua mgongo cha mara moja.

Hiyo ndiyo gharama ya mistari mitatu.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nami nikiri. Barua ya kwanza niliyomwandikia mwalimu huyo ilisema: "Anaugua baridi yabisi, apewe mapumziko." Ilirudi mikono mitupu. Jina la ugonjwa halisemi lolote juu ya kazi. Wako watu wengi wenye baridi yabisi wanaofanya kazi vizuri hadi siku ya kustaafu, na bodi inalijua hilo.

Barua ya pili niliiandika kwa njia nyingine. Nilitaja tarehe ugonjwa ulipogunduliwa, dawa zote alizojaribu na kwa muda gani, na matokeo ya vipimo vya damu na picha za mikono zilizoonyesha mifupa iliyolika. Kisha nikaeleza kazi yake: hawezi kushika chaki zaidi ya dakika 10, hawezi kusimama kipindi kizima, viungo vyake hukakamaa zaidi ya saa mbili kila asubuhi. Mwisho nikaeleza kwa nini, baada ya miaka ya matibabu, sitarajii hali hiyo ibadilike. Mifupa iliyolika hairudi, na ndilo jibu la swali la kudumu, hata kama maumivu yenyewe huja na kuondoka.

Mwambie daktari wako aandike namna hiyo. Nawe umsaidie kwa kuweka daftari dogo: tarehe, kilichokushinda siku hiyo, dawa uliyomeza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Faili la mwalimu huyu lilipotea katika ofisi moja njiani. Kwa kuwa alikuwa na nakala ya kila karatasi, alianza tena pale pale badala ya kuanza upya.

Kustaafu si njia pekee

Usidhani kwamba kila mwenye maradhi haya lazima aondoke kazini. Kwanza jaribu matibabu kikamilifu, kwa maana wengi hupata nafuu. Pili, omba kazi nyepesi au kuhamishiwa kituo kilicho karibu na hospitali, na uombe kwa maandishi. Tatu, fahamu kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 260, inahesabu kuwa ulemavu hata hali au ugonjwa unaoathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu uwezo wa mtu kufanya shughuli za kila siku. Si lazima uwe na mkongojo.

Ukichunguzwa katika hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, unaweza kuiomba Mamlaka ya Ushuru cheti cha kusamehewa kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za kila mwezi. Vilevile, mtumishi wa umma mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65, ilhali wengine hustaafu wakiwa na 60. Kwa mgonjwa aliyetulizwa na dawa, njia hii huenda ikawa na faida kuliko kustaafu.

Jambo jingine: tangu Januari 1, 2021 kuna mpango mpya wa pensheni ambao mtumishi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15. Waliokuwa chini ya miaka 45 wakati huo waliingizwa humo. Wenye miaka 45 na zaidi waliachiwa kuchagua. Miaka uliyotumika kabla ya hapo haipotei, lakini hesabu ya malipo si ile niliyoionyesha hapo juu. Watumishi wa kaunti nao wana mifuko yao. Kwa hivyo swali la kwanza kwa afisa wa wafanyakazi liwe hili: "Mimi niko katika mpango upi?"

Mwisho, usikae nyumbani kimya. Likizo ya ugonjwa ina kikomo. Huanza na mshahara kamili, kisha nusu. Asiyefika kazini bila karatasi ya daktari huhesabiwa mtoro, na mtoro hufukuzwa.

Mwalimu wangu alistaafishwa kwa sababu za kiafya mwaka wa 2018. Hadi leo huja kupimwa damu. Ile barua ya mistari mitatu hakuirudia kuichukua, nami bado ninayo ndani ya faili lake.