Suti ya Pikipiki kwa Njia za Shamba: Chagua Ile Utakayoivaa Kila Siku



Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni kidogo, tumzungumzie anayevibeba. Kwa wengi wetu pikipiki ndiyo gari la shamba. Inafuata vibarua, inaleta dawa, inapeleka sampuli ya mazao kwa mnunuzi. Oili tunabadilisha, cheni tunakaza, tairi tunakagua. Ila aliyekaa juu yake amevaa fulana na kandambili!

Mimi nilijifunza kwa maumivu. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mahindi yanasubiri mbolea ya kukuzia, nateremka mlima kule Kilolo baada ya mvua. Udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Tairi la mbele likaondoka, nikaanguka ubavu. Helmeti nilikuwa nayo, kichwa kikapona. Lakini goti lilikutana na jiwe, na jaketi langu la mtumba likachanika kiwikoni. Wiki tatu sikukanyaga shambani. Mbolea ikachelewa, na mahindi hayamsubiri mtu apone. Hasara ya msimu ule ingeninunulia suti na chenji ikabaki.

Sasa basi, ukitaka suti, yaani jaketi na suruali za kuendeshea kwenye njia mbovu, angalia haya:

1. Kitambaa. Ngozi inastahimili sana kukwaruzwa, lakini kwenye jua inachemsha na ikilowa inakuwa nzito na kukauka ni shida. Kwa njia zetu nailoni nzito iliyofumwa inafaa zaidi, mfano Cordura. Soma lebo: 500D kwenda juu ndiyo uzito wa kutafuta. Nailoni nyembamba ukiburuzwa kwenye lami inapata moto na kuyeyuka hadi kwenye ngozi yako.

2. Kinga za ndani. Huku kwetu mara nyingi mtu haanguki kwa mwendo mkali. Anagonga jiwe, kisiki au usukani wake mwenyewe. Kwa hiyo kinga za mabega, viwiko, nyonga na magoti ndizo zinazokuokoa. Tafuta alama EN 1621-1, kisha namba 1 au 2; ya 2 inapunguza mshindo zaidi. Ya mgongo ni EN 1621-2. Ingiza mkono ndani ya mfuko wa mgongoni, maana jaketi nyingi zinauzwa na kipande cha sponji laini tu. Nguo yenyewe ikiwa na alama EN 17092, daraja AAA ndilo imara kuliko yote, likifuatiwa na AA, kisha A. Kwa matumizi ya kila siku AA inatosha vizuri, maana AAA mara nyingi ni nzito na ya moto.

3. Ukubwa. Usijaribu ukiwa umesimama mbele ya kioo. Kaa juu ya pikipiki, shika usukani, kunja magoti. Kinga ya goti bado imekaa kwenye goti? Mkono wa jaketi unafika kwenye glovu? Ishike kinga uizungushe. Ikihama kwa mkono wako, ukianguka itahama pia.

4. Joto na mvua. Asubuhi unatoka Kilolo unatetemeka, mchana uko Pawaga kwenye mpunga unatoka jasho. Chukua jaketi lenye zipu za kupitisha hewa, na sweta uvae ndani kukiwa na baridi. Kuhusu mvua, jaketi lenye kitambaa cha kuzuia maji kwa ndani tu linakuacha mkavu, lakini nje linafyonza maji na kukulemea. Rahisi zaidi ni koti la mvua la kuvaa juu, lenye rangi kali na viakisi mwanga, ili dereva wa fuso akuone mapema.

5. Sumu. Ovaroli ya kupulizia dawa siyo nguo ya kuendeshea, na jaketi la pikipiki siyo la kupulizia. Kinga za sponji zinafyonza dawa, halafu jasho linakurudishia mwilini safari nzima. Zitenganishe, na kufua pia fua kivyake.

Kuhusu hela, huna haja ya kununua vyote siku moja. Anza na helmeti, glovu, na buti linalofunika kifundo cha mguu. Gambuti ni la matope tu, ukianguka linachomoka. Kisha nunua kinga za magoti na viwiko za kufunga kwa mikanda. Msimu ukikulipa, ongeza jaketi, halafu suruali. Mtumba siyo dhambi, ila vuta mishono, funga na kufungua zipu, na kinga iliyokauka au kupasuka badilisha.

Mwisho, kiukweli, suti ya gharama iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu. Mimi nilianguka nikiwa "nafika hapo tu mara moja." Kwa hiyo usiichague kwa kuangalia picha za waendesha pikipiki wa jangwani. Chagua ile ambayo saa sita mchana, na jua linawaka, bado utaivaa kwenda shambani.

Kagua mafuta, kagua breki, kisha jikague mwenyewe. Msimu mwema!