Kipindi cha magari kimeaga: kwa nini kinamhusu fundi wa Kibiti

Septemba 13, 2024, Waingereza watatu waliowaburudisha wapenzi wa magari kwa zaidi ya miaka 20 waliagana na watazamaji wao. Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May walitoa kipindi chao cha mwisho pamoja cha The Grand Tour, walichokiita One for the Road. Hawakuagia Ulaya. Walikatiza Zimbabwe kwa magari matatu ya zamani na kumalizia Botswana, kwenye mwamba wa Kubu, katikati ya tambarare ya chumvi ya Makgadikgadi.

Wasikilizaji wengi wa Bungu, Ikwiriri au Nyamisati hawajakiona kipindi hicho kizima. Kinaonyeshwa kwenye huduma ya kulipia ya Amazon, na bando la siku halitoshi kwa picha ya saa mbili. Lakini vipande vyake vinazunguka kwenye simu, hata vibanda umiza huwa havikosi. Na moja ya sababu zilizowafanya wazee hawa waache kazi tayari iko barabarani kwetu.

Kwanza, walitoka wapi? BBC ilianzisha kipindi cha Top Gear mwaka 1977, kikiwa cha ushauri wa kawaida kwa wanunuzi wa magari. Mwaka 2002 kilifufuliwa upya kwa vichekesho, mashindano na safari ndefu, na May akajiunga na wenzake mwaka uliofuata. Mwaka 2015 BBC haikuendelea na mkataba wa Clarkson baada ya yeye kumpiga mtayarishaji wa kipindi, katika ugomvi ulioanzia kwenye chakula. Wenzake wawili waliondoka naye, na mwaka 2016 wote watatu wakaanza The Grand Tour. Top Gear iliendelea na watangazaji wengine hadi BBC ilipoisimamisha Novemba 2023, karibu mwaka mmoja baada ya mtangazaji wake Freddie Flintoff kuumia vibaya kwenye ajali wakati wa kurekodi.

Afrika waliipenda sana. Mwaka 2013 walionyesha safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, wakipita Uganda, Rwanda na kuingia Tanzania kwa magari matatu yaliyotumika: BMW, Volvo na Subaru. Miaka mitano baadaye walikwenda Msumbiji na kujaribu kusafirisha samaki kutoka pwani hadi bara, mmoja kwa pikapu, mmoja kwa Mercedes ya zamani, na Hammond kwa pikipiki. Yeyote anayebeba samaki kwa bodaboda kutoka Nyamisati, barafu ikiyeyuka njiani, hahitaji kusimuliwa yaliyowapata.

Hapo ndipo palipo na walakini wangu na vipindi hivi. Kukwama kwenye tope kunachekesha ukiwa na msafara wa mafundi, daktari na gari la akiba nyuma yako. Mtu aliyelala Ndundu akingoja pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ana visa vizito kuliko vyao, na hakulipwa hata senti kwa kuvipitia.

Hata hivyo, safari yao moja inafaa kukumbukwa. Mwaka 2007, wakiwa bado Top Gear, waliikatiza Botswana kwa magari ya bei ndogo ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya njia mbaya. Clarkson na May waliyabandua magari yao milango na mabati ili yawe mepesi kwenye ile tambarare ya chumvi. Hammond alikataa kuligusa lake, Opel Kadett ya mwaka 1963 aliyoipa jina Oliver. Baadaye Oliver akazama mtoni, maji yakajaa hadi ndani. Likavutwa, likafunguliwa na kukaushwa usiku, na safari ikaendelea. Hammond alilipenda kiasi cha kulisafirisha hadi Uingereza.

Fundi yeyote wa gereji za Kibiti anaelewa kwa nini iliwezekana. Gari la aina ile lina kabureta, plagi, betri moja ndogo na nyaya chache. Ukitoa maji, ukabadilisha oili, ukakausha sehemu za umeme, injini ina nafasi nzuri ya kuwaka. Hakuna kompyuta ya kuombwa ruhusa. Hata magari waliyochagua kuagia, Lancia Montecarlo, Ford Capri na Triumph Stag, ni ya ukoo huohuo wa miaka ya 1970. Stag inajulikana kwao kwa ugonjwa wa kuchemsha, lakini ni ugonjwa ambao fundi anauona kwa macho.

Sababu za kuaga ni zaidi ya moja. Umri upo: mwaka 2024 Clarkson alitimiza miaka 64, na amekiri kwamba mwili haumudu tena safari zile. Lakini alitaja pia magari ya umeme. Kwake ni vyombo tu, kama mashine ya kufulia. Havimpi cha kusimulia.

Yeye anaweza kuacha. Fundi wa Kibiti hawezi, kwa sababu magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Kinachouzwa kule leo ndicho kitakachopita barabara ya Kilwa baada ya miaka kumi hivi. Na Wajapani wamekuwa wakinunua kwa wingi magari ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, tangu Toyota ilipoanza kuuza Prius mwaka 1997. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Tanzania haizuii, lakini inaongeza kodi kwa uchakavu, jambo linalowasukuma wanunuzi kutafuta gari la karibuni zaidi. Gari la karibuni lina kompyuta nyingi zaidi, na pengine betri kubwa.

Sasa lichukue gari hilo ulipeleke Muhoro wakati wa mafuriko kama yale ya Aprili 2024. Betri kubwa ya Prius ina zaidi ya volti 200, wakati ile ndogo tuliyoizoea ina volti 12. Umeme wa kiwango hicho unaua. Nyaya zake zimevishwa rangi ya chungwa ili zitambulike, na asiyefunzwa asizikate wala kuzichomoa, hata kama gari limezimwa. Gari la haibridi lililozama lisiwashwe kwa kujaribu. Livutwe hadi pakavu, likae mbali na nyumba, aitwe fundi aliyesomea umeme wa magari. Kwa wenzetu wa karibu na delta, ambako maji ya bahari hupanda na kuchanganyika na ya mto, tahadhari iongezeke: chumvi hupitisha umeme na hula viungio vya nyaya taratibu, hata baada ya gari kuonekana limepona.

Vumbi nalo ni adui. Prius hupoza betri kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Likizibwa kwa vumbi, au kwa gunia la mkaa lililoegeshwa hapo, betri hupata joto na kufa mapema. Kusafisha tundu hilo ni kazi ya dakika chache; betri mpya inaweza kula sehemu kubwa ya bei uliyonunulia gari.

Hii haina maana kwamba umeme ni balaa. Mota ya umeme haina oili ya kubadilisha wala plagi, na mto wetu wenyewe unazalisha umeme huo: Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Dar es Salaam tayari kuna pikipiki na bajaji za umeme. Kinachokosekana huku ni mafunzo na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Vijana wengi wa gereji wamejifunza kwa kumshikia spana mkubwa wao, na mkubwa huyo naye alijifunza kwenye kabureta.

Kwa anayetaka kununua haibridi iliyotumika, mpeleke fundi mwenye kifaa hicho asome hali ya betri kubwa kabla hujalipa, si baada. Kagua chini ya mazulia na kwenye mikanda ya viti kama kuna matope makavu au kutu. Muuzaji akikataa gari lisipimwe, tafuta lingine.