Konokono wa Ziwa na Majina ya Wageni

Ukitembea ufukoni Kalemie utaokota magamba ya konokono mazito, yenye matuta, yanayofanana na ya baharini kuliko ya mtoni. Wengi wetu tunawaita wote konokono, basi. Wataalamu wana majina mengi, na majina hayo ndiyo yaliyonivuta.

Speke alifika ziwani mwaka 1858, akachukua magamba machache. Woodward akayaeleza huko Uingereza mwaka 1859. Mmoja wa konokono hao leo anaitwa Spekia. Yuko Lavigeria, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe. Yuko Stanleya. Yuko Tiphobia horei, mwenye miiba mirefu, aliyepewa jina la mmisionari Hore. Ukiyasoma kwa mfululizo utadhani ni orodha ya abiria wa meli, na mvuvi wa hapa hamo.

Kuna neno lililobeba nadharia nzima. J. E. S. Moore, aliyekuja mwaka 1896 na tena 1899, aliwaita viumbe hawa halolimniki, kutoka maneno ya Kigiriki ya bahari na ziwa, kwa kuwa aliamini Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Nadharia ilianguka, na neno likaanguka nayo. Ziwa letu lilizaliwa katika Bonde la Ufa, yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, na mababu wa konokono wake waliishi maji baridi.

Mbona basi wanafanana na wa baharini? Ziwani kuna kaa wenye magando yenye nguvu ya kuvunja magamba. Aliyekuwa na gamba nene alipona akazaa. Magamba mengi bado yana makovu ya nyufa zilizozibwa. Maji nayo yana madini mengi ya kujengea. Kwa sisi wa lugha jambo hili si geni: Kiluba na Kichina vyote hutofautisha maneno kwa toni, wala hatusemi ni ndugu.

Milima inapokatwa miti, udongo hushuka na kufunika mawe wanapoishi konokono hawa. Wazee wanaosema Kiholoholo nao wanapungua. Ningependa kitivo kitume wanafunzi kwa wavuvi wa Kiholoholo, Kitabwa na Kibembe, wakiwa na magamba mfukoni na swali moja: huyu mnamwitaje?