Risasi Inayoacha Mwanga

Watu waliowahi kukaa karibu na uwanja wa shabaha wa jeshi wanajua jambo hili. Usiku wa mazoezi huonekana michirizi ya mwanga ikipita angani. Mingine ni myekundu, mingine ya kijani. Hupita upesi sana, halafu huzimika. Mtoto akiona hudhani ni nyota zinazoanguka. Lakini si nyota. Ni risasi zinazowaka njiani.

Katika somo hili tutaona jinsi risasi hizo zinavyotengenezwa, kazi yake, na jinsi zinavyofungwa katika makasha. Kisha tutaona kwa nini zikibaki baada ya vita ni hatari kwa mwanakijiji.

Jinsi ilivyotengenezwa

Risasi yoyote ya bunduki ya kivita ina sehemu 4. Kuna ganda, ambalo ni la shaba au chuma. Kitakoni mwa ganda kuna fataki. Ndani ya ganda kuna baruti. Mbele kuna kichwa. Kichwa ndicho kinachoruka.

Risasi ya mwanga ina sehemu hizo hizo. Tofauti ni kwamba kichwa chake kina tundu upande wa nyuma. Katika tundu hilo hushindiliwa dawa. Dawa hiyo ni unga wa madini ya magnesi, uliochanganywa na chumvi za madini mengine. Chumvi ya strontiamu hutoa mwanga mwekundu. Chumvi ya bariamu hutoa mwanga wa kijani.

Bunduki ikifyatuliwa, ncha ya chuma hugonga fataki. Fataki huwasha baruti. Baruti husukuma kichwa, na moto wake huwasha ile dawa. Kichwa hutoka kikikimbia mita 700 au zaidi kwa sekunde moja. Dawa huwaka sekunde chache tu. Katika muda huo risasi hufika kiasi cha mita 800.

Kazi yake

Risasi ya kawaida haionekani ikiruka. Mpigaji hajui imekwenda wapi mpaka aone vumbi inapoanguka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, majeshi yalianza kutumia risasi za mwanga ili mpigaji aone njia ya risasi yake. Hivyo aliweza kusahihisha shabaha, hasa alipopiga ndege iliyo angani.

Kazi nyingine ni kuonyesha. Mkubwa wa kikosi hupiga risasi ya mwanga mahali anapotaka wenzake wapige. Kwa hiyo amri hufika bila maneno.

Lakini mwanga huo una ubaya wake. Adui naye anauona. Akifuata mchirizi kurudi nyuma, atajua mpigaji alipo.

Kwa kawaida risasi hizi hazipigwi peke yake. Katika mkanda wa rashasha, mara nyingi huwekwa risasi 4 za kawaida, halafu 1 ya mwanga. Kwa hiyo ukiona mchirizi mmoja, kumbuka kwamba risasi nyingine 4 zimepita bila wewe kuziona.

Jinsi zinavyofungwa

Unyevu huharibu baruti na dawa ya mwanga. Kwa sababu hiyo risasi hufungwa vizuri sana.

Risasi za Urusi ya zamani hufungwa kwanza katika pakiti za karatasi. Risasi za bunduki ya AK huwa 20 katika kila pakiti. Pakiti hutiwa katika bati lililozibwa pande zote kama mkebe wa samaki. Mabati mawili huwekwa katika kasha moja la mbao. Wamarekani hutumia kasha la chuma lenye rangi ya kijani kibichi na mkono wa kubebea. Mfuniko wake una mpira wa kuzuia maji.

Alama za rangi hutofautisha risasi. Risasi ya mwanga ya Urusi ina rangi ya kijani kwenye ncha, na kasha lake lina mstari wa kijani. Ya Marekani mara nyingi ina ncha ya rangi ya machungwa au nyekundu. Kasha lake huandikwa neno TRACER kwa herufi kubwa. Anayejua kusoma anaweza kulitambua neno hilo, hata kama hajui Kiingereza.

Lakini rangi hufutika kwa mvua, jua na kutu. Risasi isiyo na rangi isidhaniwe kuwa ni salama.

Vita vikiisha, risasi hubaki

Nchi ikijiandaa kwa vita hutengeneza risasi nyingi kuliko zitakazopigwa. Vita vikiisha, zilizobaki huwekwa ghalani, huuzwa, au huharibiwa. Marekani baadhi ya mabaki hayo huuzwa kwa raia wanaopenda shabaha. Hata huko, jimbo la California limekataza raia kuwa na risasi za mwanga za bunduki.

Mabaki yakikosa ulinzi huleta balaa. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, kaskazini mashariki ya Uganda. Wafugaji wa Karamoja wakachukua bunduki na risasi nyingi. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa zaidi kwa mikuki, ukawa wa bunduki. Watu wengi wakafa, pande zote za mpaka wa Uganda na Kenya.

Hata ghala lenye ulinzi lina hatari. Dar es Salaam, ghala la silaha la Mbagala lililipuka tarehe 29 Aprili 2009. Ghala la Gongo la Mboto lililipuka tarehe 16 Februari 2011. Kila mara watu zaidi ya 20 walikufa, na mabomu yaliangukia nyumba za watu.

Risasi ya mwanga huongeza hatari ya moto. Mwezi wa Julai 2009, askari walikuwa katika mazoezi karibu na mji wa Marseille, kusini mwa Ufaransa. Walipiga risasi za mwanga wakati wa joto. Majani yakashika moto. Hekta zaidi ya 1,000 ziliungua, yaani kiasi cha ekari 2,500 au zaidi, na moto ukafika kwenye nyumba za pembeni mwa mji. Hao walikuwa askari waliofunzwa. Sisi wenye nyasi kavu na nyumba za makuti, itakuwaje?

Ukiona risasi au kasha lake

Wakulima wengine wamegonga bati kwa jembe wakilima. Wengine wameona vitu hivi wakichunga ng'ombe au wakiokota chuma chakavu. Fanya hivi:

1. Usiguse. Usigonge kwa nyundo ili upate shaba. Fataki ikigongwa huwaka.

2. Usitupe motoni. Ganda hupasuka na vipande huruka. Dawa ya mwanga ikishika moto haizimiki kwa maji wala kwa mchanga, kwa sababu kinachoilisha moto kimo ndani yake.

3. Weka alama mbali kidogo, kama vile tawi au kitambaa, ili wengine wasipite. Waondoe watoto.

4. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, au nenda polisi. Wao watawaita wataalamu wa jeshi. Katika Tanzania, ni kosa kuwa na risasi bila kibali.

Makasha ya risasi ni mazuri, hilo ni kweli. Hayaingizi maji wala panya. Mafundi hutunzia vyombo vyao, na wengine hutunzia mbegu. Kasha tupu ulilonunua kwa halali ni kasha tu. Lakini kasha uliloliona porini usilifungue, hata likionekana jepesi. Shaba ya risasi chache hainunui mkono uliokatika.

Maswali

1. Risasi ya mwanga ina tofauti gani na risasi ya kawaida?
2. Kwa nini mwanga wake humsaidia mpigaji na pia humdhuru?
3. Ukiona mchirizi mmoja wa mwanga kutoka kwa rashasha, ni risasi ngapi huenda zimepita?
4. Mtoto wako ameleta nyumbani risasi yenye ncha ya kijani. Zungumzeni darasani: mtafanya nini kwanza, na mtamwambia nani?