Bonde, Haki na Kibali: Istilahi za Kugawana Maji ya Mto

Nyaraka za mgawanyo wa maji hupita mara kwa mara mikononi mwa wafasiri na watumishi wa serikali. Tumeonelea vema kuyaeleza maneno matatu yaliyomo, kwa mfano wa mto Pangani.

Neno la kwanza ni bonde. Katika lugha ya kila siku, bonde ni ardhi ya chini iliyo kati ya milima. Kwa wataalamu wa maji, bonde la mto ni eneo zima ambalo mvua yake hutiririkia mto huo, milima ikiwa ndani yake. Kwa hiyo mkulima wa migomba katika miteremko ya Kilimanjaro yumo katika Bonde la Pangani, sawasawa na mlimaji mpunga wa tambarare za Moshi, mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu na kituo cha umeme cha Hale. Achepushaye maji juu humpunguzia aliye chini. Mwalimu asipolifafanua jambo hili, mwanafunzi wa mlimani atadhani kuwa habari za bonde hazimhusu.

Maneno mawili yaliyosalia ni haki na kibali. Chini ya sheria ya mwaka 1974, aliyeruhusiwa kuchukua maji alipewa "haki ya maji". Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilileta "kibali cha kutumia maji". Maneno haya si visawe. Haki hudokeza kitu ambacho mwenyewe hanyang'anywi. Kibali ni ruhusa yenye kiasi, shughuli na masharti yake. Sheria hiyo hutanguliza mahitaji ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo zifuate shughuli za uchumi kama kilimo, umeme na viwanda. Mfasiri aandikaye haki mahali pa kibali humwahidi mkulima jambo ambalo sheria haikumwahidi.

Hata hivyo, neno haki lisifutwe. Wachagga walichimba mifereji yao, iitwayo mifongo, zamani kabla ya sheria hizi, na sheria ya mwaka 2009 inazitambua haki za kimila. Kuziita vibali ni kuzigeuza kuwa hisani ya ofisi. Basi tunapendekeza kibali kitumike kwa ruhusa itolewayo na Bodi ya Maji ya Bonde, na haki ya kimila kwa kile kilichorithiwa.